Umeme wa Taka na Rangi ya Kijani: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana na Benki Kuu ya Tanzania

Barua hii inaelekezwa kwa Mtendaji Mkuu wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, na kwa wataalamu wa taasisi hizo mbili ambao, kwa miongozo na kwa vibali wanavyovitoa, huamua ni fedha zipi zinazostahili kuitwa za kijani. Hoja yake ni moja. Vigezo vya fedha za kijani vikiupima mradi kwa kile unachouza, vitaupendelea umeme na kuisahau taka, na mwishowe vitaliita tanuru la kuchomea maganda ya ndizi na makombo ya ugali chanzo cha nishati jadidifu. Vikiupima kwa kukifuata kitu hadi mwisho wa safari yake, tangu jikoni hadi dampo na tangu paneli ya jua hadi betri iliyokufa, vitazipeleka fedha mahali zinapohitajika sana na ambapo hadi sasa zinafika kwa shida.

Kwamba fedha zenyewe zipo, soko la ndani limekwisha kuonyesha. Hatifungani ya kijani ni hati ya deni ambayo mtoaji wake hukopa kwa wawekezaji, huwalipa riba kwa vipindi vilivyopangwa na kurejesha mtaji muda ukiisha, huku akifungwa na ahadi ya ziada kwamba fedha hizo zitatumika katika shughuli zenye manufaa kwa mazingira. Mwaka 2023 Benki ya CRDB ilitoa awamu ya kwanza ya hatifungani yake ya kijani, ya miaka 5 na yenye riba ya asilimia 10.25 kwa mwaka, ikitafuta shilingi bilioni 40 na kupokea maombi ya zaidi ya shilingi bilioni 171. Mwaka uliofuata Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilitoa ya kwake, ya miaka 10 na yenye riba ya asilimia 13.5, ikitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua miundombinu ya maji na kupata shilingi bilioni 54.72. Haya ni mafanikio ya kweli, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoidhinisha matoleo yote mawili, inastahili pongezi zisizo na masharti.

Hata hivyo, mfano wa Tanga una jambo ambalo sekta ya taka haina, nalo ni mita. Mwekezaji aliyenunua hatifungani ile anajua kwamba kila mteja wa maji ana mita, kila mita ina bili, na bili hizo zikijumlishwa kwa miaka 10 zinaweza kupimwa dhidi ya riba. Mwenye mtambo wa umeme naye ana mkataba wa kuliuzia shirika la umeme, TANESCO, na bei yake inapitia kwa mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA. Halmashauri inayozoa taka haina chombo cha namna hiyo, kwa kuwa ada ya taka hukusanywa nyumba kwa nyumba na vikundi vya usafi vya mtaa, wengine hulipa na wengine hawalipi, na asiyelipa hawezi kukatiwa huduma kama anavyokatiwa maji, kwani taka yake itaishia mtaroni au itachomwa uani na moshi utawafikia majirani waliolipa. Kutokana na hali hiyo, mwenye mtaji anapoitazama sekta ya taka hutafuta sehemu yake pekee inayouza kitu chenye mita, na sehemu hiyo ni umeme unaozalishwa kwa kuchoma taka. Hapa ndipo penye hatari ambayo vigezo, visipokuwa makini, vitaikuza badala ya kuizuia.

Miongozo ya hiari inayotumiwa na watoaji wengi wa hatifungani za kijani duniani, ile ya Chama cha Kimataifa cha Masoko ya Mitaji, ina nguzo nne: matumizi ya fedha, namna ya kuchagua miradi, usimamizi wa fedha zilizopatikana, na utoaji wa taarifa. Nguzo hizo humwambia mtoaji namna ya kwenda, lakini hazimwambii kwa kina ni wapi hasa anaruhusiwa kufika. Vivyo hivyo, mwongozo wa Benki Kuu wa mwaka 2022 kuhusu hatari za kifedha zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi unazitaka benki zijilinde dhidi ya ukame, mafuriko na mabadiliko ya sera, jambo jema na la lazima, ingawa kujilinda na hatari ni kazi tofauti na kuamua ni mradi gani unaoponya. Pengo hilo hujazwa na kile kinachoitwa uainishaji, yaani orodha rasmi ya shughuli ambazo kila moja huwekewa kipimo cha kiufundi kinachotenganisha kijani na kisicho kijani. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni yake ya uainishaji mwaka 2020, Afrika Kusini ikachapisha ya kwake mwaka 2022, na Aprili 2025 Benki Kuu ya Kenya ikatoa ya Kenya. Msingi wa mfumo huo ni kwamba mradi unapaswa kutoa mchango mkubwa kwa lengo moja la mazingira, usilete madhara makubwa kwa malengo mengine, na uheshimu kiwango cha chini cha haki za watu.

Upande wa umeme kazi ya kipimo ni nyepesi kiasi, na haihitaji kuchukua nafasi kubwa hapa. Vigezo vya Ulaya huukubali umeme wa jua na wa upepo bila kuupima gesi, na huutaka umeme wa jotoardhi utoe chini ya gramu 100 za hewa ukaa, au gesi nyingine zenye athari sawa na hiyo, kwa kila uniti moja, hesabu ikihusisha maisha yote ya mtambo tangu ujenzi hadi kubomolewa. Umeme wa maji hupita bila hesabu hiyo iwapo mtambo unatumia mkondo wa mto bila kujenga bwawa, kama mtambo mdogo wa Mwenga wa megawati 4 wilayani Mufindi, au iwapo uwezo wake unazidi wati 5 kwa kila mita ya mraba ya bwawa, kwa sababu bwawa pana katika nchi ya joto hufunika mimea inayooza na kutoa methani. Kwa kipimo hicho, Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115 na ziwa linalokadiriwa kufikia kilomita za mraba 900 au zaidi linapojaa, lina chini ya wati 3 kwa mita ya mraba, na kwa hiyo haliwezi kupita kwa uwiano huo peke yake. Hilo halimaanishi kwamba si la kijani. Linamaanisha kwamba gesi zake zinapaswa kupimwa na matokeo kutangazwa kabla ya yeyote kulitaja katika waraka wa hatifungani, na taifa lililojenga bwawa hilo kwa fedha zake lina kila sababu ya kutaka kipimo hicho kifanyike kwa uwazi.

Kiwango cha chini cha haki za watu nacho kisichukuliwe kuwa maneno ya kukamilisha fomu. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana nchini Kenya, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ni safi kwa kipimo chochote cha hewa ukaa, lakini mwaka 2021 mahakama iliamua kwamba hati za ardhi uliyojengwa juu yake zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria. Mradi wa upepo wa Kinangop, wa megawati 60, ulifutwa mwaka 2016 baada ya upinzani wa wakazi. Mwekezaji asiyejali haki za wafugaji na wakulima anapaswa angalau kujali mtaji wake, na kigezo kinachodai ushahidi wa ridhaa ya wenye ardhi kabla ya fedha kutolewa kinawalinda wote wawili.

Kinachosahaulika zaidi katika umeme safi ni mabaki yake. Betri za risasi na asidi zinazotumika katika nyumba na katika gridi ndogo za vijijini hufa baada ya miaka michache, na risasi iliyomo ndani ni sumu inayodumaza akili za watoto. Pwani ya Afrika Mashariki ina somo chungu la jambo hili: katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hatifungani inayogharimia maelfu ya mifumo ya jua bila kutenga fedha za kuzirejesha betri hizo mahali salama inauhamisha tu mzigo kutoka kwenye paa la nyumba moja kwenda kwenye damu ya mtoto wa mtaa mwingine, na mradi wa namna hiyo usipewe rangi ya kijani hata kama kila paneli yake inang'aa.

Sasa taka. Jiji la Dar es Salaam hukadiriwa kuzalisha zaidi ya tani 4,000 za taka kila siku, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni vitu vinavyooza: maganda, mabaki ya vyakula, majani, uchafu wa masoko kama Buguruni na Mabibo. Sehemu inayozolewa husafiri hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako huozea chini ya tabaka za taka nyingine bila kupata hewa, na uozo usio na hewa ndio unaozalisha methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto dunia takribani mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, na kwa kipindi cha miaka 20 zaidi ya mara 80. Majimaji meusi yanayochuruzika kutoka humo hutafuta njia ya kwenda kwenye visima na mito. Lundo lenyewe, likipanda bila kushindiliwa wala kuwekewa mitaro, hugeuka kuwa mlima usio na mizizi. Mwezi Machi 2017 lundo la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka na kuua zaidi ya watu 110, na Agosti 10, 2024 lundo la Kiteezi, dampo la jiji la Kampala, likaporomoka na kuua zaidi ya watu 30, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Watu hao hawakufa kwa bahati mbaya tu, kwa maana milima ile ilipanda mbele ya macho ya wote kwa miaka mingi, na fedha za kuishusha hazikuja kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuuza.

Ni rahisi, mbele ya misiba ya aina hiyo, kuvutiwa na tanuru. Ahadi yake ni kwamba taka itatoweka na umeme utapatikana, na Ethiopia ilizindua mtambo wa namna hiyo wa megawati 25 pale Reppie, jirani na Koshe, mwaka 2018. Lakini fizikia ya taka za Afrika Mashariki ni ya ukaidi. Mwongozo wa Benki ya Dunia kuhusu uchomaji wa taka za miji unasema kwamba nguvu ya joto ya taka, yaani kiasi cha joto linalopatikana kwa kuchoma kilo moja, inapaswa kuwa wastani wa megajuli 7 na isishuke chini ya 6 katika msimu wowote, la sivyo moto hautajitegemea na itabidi kuongeza mafuta. Taka iliyojaa maganda ya ndizi na mabaki ya mboga ina maji mengi, na kila kilo ya maji humeza zaidi ya megajuli 2 kabla haijageuka mvuke, tena wakati wa masika hali huwa mbaya zaidi. Kinachoinua joto la taka za aina hii ni plastiki na karatasi zilizochanganyika nazo. Taka ikiwa mbichi haiwaki, na ikiwaka, kinachowaka kwa sehemu kubwa ni plastiki, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli. Umeme unaotokana na plastiki hauna haki ya kuitwa jadidifu zaidi ya umeme unaotokana na dizeli.

Zaidi ya hapo, mikataba ya matanuru kwa kawaida huitaka halmashauri ipeleke kiasi maalum cha taka kila siku kwa miaka 20 au zaidi, na ilipe fidia ikishindwa. Mkataba wa namna hiyo ukisainiwa, mwananchi anayetenganisha taka jikoni kwake anageuka kuwa hasara kwa halmashauri yake, na mwokota chupa anayeishi kwa kuuza plastiki na vyuma chakavu kwenye mizani ya mtaa anageuka kuwa mshindani wa tanuru. Umoja wa Ulaya, ambao una matanuru mengi na uzoefu mrefu wa kuyaendesha, haukuuweka uchomaji wa taka za miji katika orodha ya shughuli zinazochangia kupunguza mabadiliko ya tabianchi. Orodha hiyo ina ukusanyaji wa taka zilizokwisha kutenganishwa, utengenezaji wa mboji na wa bayogesi kutokana na taka zinazooza, na vituo vya kuchambulia ambavyo angalau nusu ya uzito wa taka zisizo hatari vinazopokea hugeuka kuwa malighafi. Itakuwa ajabu, na ya kuhuzunisha, ikiwa Tanzania itaiita kijani shughuli ambayo wenye teknolojia yake wamesita kuiita hivyo.

Uvunaji wa gesi ya dampo unahitaji tahadhari ya namna yake. Mwaka 2007 mradi wa kuvuna gesi katika dampo la Mtoni, Dar es Salaam, uliandikishwa kuwa wa kwanza wa Tanzania chini ya Utaratibu wa Maendeleo Safi wa Itifaki ya Kyoto, mpango ulioziruhusu nchi tajiri kununua punguzo la gesi chafu kutoka nchi maskini. Bei ya punguzo hilo katika soko la dunia iliporomoka kufikia mwaka 2012, na miradi iliyolitegemea kwa mapato ikabaki bila mguu wa kusimamia. Vigezo vya Ulaya hukubali uvunaji wa gesi pale tu ambapo dampo limefungwa na halipokei tena taka mpya zinazooza, na masharti hayo yana busara, kwa kuwa kulipia gesi ya dampo linaloendelea kujazwa ni kulipia kuendelea kwa kosa lenyewe.

Nchi haikosi mifano yake ya kukutanisha taka na nishati kwa njia iliyo sahihi. Katika jani la mkonge, nyuzi zinazouzwa ni takribani asilimia 4 tu ya uzito, na sehemu iliyobaki kwa miongo mingi ilitupwa ioze au ielekee mitoni. Pale Hale, mkoani Tanga, Kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa bayogesi wenye uwezo wa kilowati 150 uliozinduliwa mwishoni mwa miaka ya 2000, ambao ulipokea mabaki hayo mabichi, ukayaozesha ndani ya tangi lisilo na hewa, ukaikamata methani ili kuzalisha umeme, na tope lililobaki likafaa kuwa mbolea. Unyevunyevu unaoliua tanuru ndio unaoulisha mtambo wa bayogesi. Na katika kata ya Bonyokwa, Dar es Salaam, taasisi ya Nipe Fagio ilisaidia kuanzisha utaratibu ambao kaya hutenganisha taka nyumbani, wakusanyaji waliojiunga katika ushirika huzipokea zikiwa zimetengwa, zinazooza hufanywa mboji na zinazouzika huuzwa. Hakuna kitu cha kung'aa katika utaratibu huo. Una guta, ndoo mbili, watu wanaofahamika kwa majina mtaani, na daftari la mahesabu. Ni mdogo mno kuweza kutoa hatifungani, lakini kwa kila tani unayoishughulikia unazuia methani ambayo dampo lingeizalisha.

Udogo huo ndio unaofanya msaada wa mamlaka hizi mbili uwe wa lazima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, utaratibu uliositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Benki Kuu ingeweza kuruhusu mikopo ya vikundi vya taka vilivyo na rekodi za uzito na mikataba na halmashauri ikusanywe kwa pamoja na benki za biashara na kuhesabiwa kuwa mali ya kijani, kama ambavyo mikopo midogo ya mifumo ya jua inavyoweza kukusanywa. Uzito uliopimwa kwenye mizani ungekuwa ndiyo mita ambayo sekta hii imeikosa, na halmashauri ingelipa kwa tani iliyotenganishwa badala ya kulipa kwa safari ya lori kwenda Pugu, malipo ambayo leo humpa faida zaidi anayebeba zaidi na humwadhibu anayepunguza.

Kwa hiyo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana inaombwa kuweka wazi, katika vigezo inavyovitumia kuidhinisha hatifungani za kijani na zile za halmashauri, kwamba uchomaji wa taka za miji zilizochanganyika hautahesabiwa kuwa nishati jadidifu. Kwamba mradi wowote wa taka utaonyesha kwanza mpango wa kutenganisha taka kwenye chanzo na kiasi cha taka zinazooza kitakachoondolewa dampo kila mwaka. Kwamba waokota taka waliokuwepo kabla ya mradi wataorodheshwa na kupewa nafasi ndani yake, kwa kuwa wao ndio waliofanya kazi ya urejelezaji kwa miaka yote ambayo hakuna aliyeilipia. Na kwamba mradi wa umeme wa jua utatenga, tangu siku ya kwanza, akiba ya kurejesha betri na paneli zake. Kufunga na kuimarisha madampo ya zamani kuwekwe pia katika orodha ya shughuli za kijani, ingawa hakuuzi chochote, na hapo Serikali Kuu italazimika kutoa dhamana, maana hakuna mwekezaji atakayeushusha mlima wa taka kwa kutegemea riba pekee.

Taarifa za mwaka za hatifungani hizo, ambazo sasa huandikwa kwa lugha na kwa mtindo wa wachambuzi wa masoko, zinaombwa zichapishwe pia kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata ambako miradi ipo, zikitaja ni tani ngapi zilizolewa, ngapi zilitenganishwa, ngapi zilifika dampo, na ni shilingi ngapi zilizolipwa kwa kazi hiyo. Mkaguzi wa nje huja mara moja kwa mwaka na hukagua nyaraka, lakini mkazi wa Pugu Kinyamwezi hufungua dirisha kila asubuhi, na ushahidi wake kuhusu moshi unapaswa kuwa na mahali rasmi pa kupokelewa kabla ya awamu inayofuata ya fedha kuidhinishwa.